Puti Chini ya Rangi Nyeupe

“Hebu rudia,” alisema Nolene. “Rudia ulichosema, ila safari hii niangalie usoni.”

“Nimesema ni mkwaruzo tu, dada. Paka wako angemfanyia vibaya zaidi.”

“Paka wangu hawezi kuruka uwanja mzima kumfuata mtoto jichoni.”

“Jichoni wapi? Shavuni! Umeanza kukuza mambo.”

Dada na kaka walikuwa wamesimama kwenye mstari wa kufyatulia, karibu pua zigusane. Katikati yao palikuwa na meza ya kukunja, na juu ya meza bunduki ndogo ya ishirini na mbili, ile ya risasi nyembamba kama penseli ambayo watoto wote wa Piney Ridge huanzia. Nyuma yao, kwenye benchi, Maribeth, binti wa pekee wa Nolene, alikuwa amebana kitambaa chenye maji shavuni. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kilichomuuma zaidi ni kwamba watu wazima walikuwa wanagombana kwa ajili yake.

“Mama, hainiumi. Mjomba kasema ni kawaida.”

“Wewe bana kitambaa. Mjomba wako bado sijamaliza naye.”

Nolene aliokota miwani ya kukinga macho mezani akainyanyua kwenye mwanga. Lenzi ya kulia ilikuwa na alama kama nyota, ndogo kama punje ya mtama, pale pale ambapo mboni ya mtoto ilikuwa upande wa pili. Vipande viwili vya risasi basi. Kimoja kimekwenda shavuni, kingine kimekuja kugonga mlango wa jicho na kukuta umefungwa. Aliirudisha miwani mezani taratibu sana. Verlin alimjua dada yake, na upole ule ndio uliomfanya apige hatua moja nyuma.

“Hizi shabaha ulizijaribu?” aliuliza Nolene.

“Si nilikwambia? Jumapili, baada ya kanisa. Maboksi yote yalikuwa safi, vipande vyote vimekwenda chini kama unavyotaka.”

“Wewe mwenyewe ulifyatua wa kwanza?”

“Ni mimi niliyezitundika. Nani mwingine?”

Alisema hivyo bila kupepesa macho, na baadaye hicho ndicho Nolene alichokikumbuka kuliko vyote.

Uwanja ule ulikuwa malisho ya marehemu baba yao, na tuta la udongo lililoko mwisho wake alilisukuma yeye kwa trekta. Aliwaachia sheria moja: aliyetundika shabaha ndiye anayefyatua kwanza. Unakunjua maboksi, unayasimamisha pande mbili za bamba la chuma la shabaha, na jingine mbele yake, kisha unapiga. Ukimaliza unakwenda kusoma matundu. Yakiwa chini ya magoti, bamba limeinama vizuri na linatema vipande kwenye nyasi. Yakiwa juu, unalishusha na kurudi nalo gereji. Na mpaka hapo hakuna mke, mtoto wala rafiki anayesogelea mstari. Mzee hakuwahi kueleza kwa nini. Alikuwa na kovu juu ya nyusi lililoeleza lenyewe.

Shabaha hizi sita Nolene alizitengeneza majira ya baridi yaliyopita. Alikuwa msimamizi wa matengenezo kwenye machimbo ya mawe, kazi aliyoipata kwa diploma yake ya uchomeleaji, na machimbo yalimpa kipande cha bamba gumu lililokwisha muda wake kwenye mdomo wa mashine ya kusagia kokoto. Lilikuwa jembamba, robo inchi, lakini kwa risasi ya ishirini na mbili lilitosha kabisa. Alilikata maduara sita kwa diski, pole pole, huku Verlin akimwagia maji, kwa sababu moto ukizidi chuma kinasahau ugumu wake. Hakuchomelea kitu usoni mwa bamba hata mara moja. Alitoboa matundu, akapitisha bolti, akatia springi nyuma ili kila duara liiname na uso wake utazame nyasi, kisha akalining’iniza kwa minyororo miwili kwenye kiunzi cha mabomba. Ukilipiga linaenda nyuma, linarudi, linalia kama kengele ya mlango wa duka.

Yalikuwa majira mazuri. Mume wa Nolene alikuwa njiani na lori lake wiki nzima, Maribeth alikuwa ndani na kazi za shule, na gereji ilikuwa na jiko la kuni, kahawa, na Verlin. Verlin alikuwa mdogo wake kwa miaka mitano. Mambo yalimponyoka mikononi tangu utoto, kazi, wake, magari, lakini gerejini alikuwa mtu wa maana. Alishika alipoambiwa ashike. Aliimba vibaya. Siku duara la kwanza lilipolia sawasawa chini ya nyundo, walikumbatiana na masweta yao yenye vumbi la chuma.

Ndiyo maana Nolene alipomaliza alimkabidhi yeye. “Zitundike, uzijaribu, uniambie.” Mashindano ya watoto ya kikosi cha zimamoto cha kujitolea yalikuwa kesho, Jumamosi, na Verlin alikuwa amechaguliwa kuwa kamanda wa mstari, yule anayetoa amri ya kufyatua, na filimbi ya kamanda ilikuwa inaning’inia shingoni mwake tangu Jumatatu. Nolene naye alikuwa amesimama kanisani mbele ya wazazi na kusema: msiwe na wasiwasi, nimezitengeneza kwa mikono yangu na kaka yangu amezijaribu.

Na jioni hii Verlin alikuwa amempigia simu Maribeth, sio Nolene, Maribeth. Njoo uzindue shabaha za mama yako kabla wenzako hawajafika. Mtoto alikuja anarukaruka, na mama yake alifika risasi zikiwa zimeshapigwa.

“Nakwenda kuziangalia,” alisema Nolene.

“Za nini? Kuna kupe kule.”

“Kupe hawaniogopeshi.”

“Dada, subiri. Giza litaingia, bado hatujapanga meza, Odell analeta makarai ya kukaangia samaki—”

Nolene alifungua mlango wa bunduki, akahakikisha haina risasi ndani, akaiacha wazi mezani, akaanza kutembea. Verlin alimfuata akiongea njia nzima kuhusu meza, kambare, viti vya wazee. Mtu akiongea namna hiyo, aliwaza Nolene, kuna mahali hataki mdomo wake ufike.

Bamba la mwisho kulia ndilo alilopiga Maribeth. Kwa mbali lilikuwa jeupe na safi. Kwa karibu lilikuwa na madoa ya kijivu pale risasi zilipopasukia, na hayo ni ya kawaida. Lisilo la kawaida lilikuwa chini, kwenye nyasi. Chembe za rangi ya waridi, kama mtu amevunja chaki hapo.

Nolene alichuchumaa, akaokota chembe moja, akaisugua kati ya vidole. Akainusa.

“Puti,” alisema.

Verlin alikuwa anatazama tuta.

“Hii ni puti ya kuzibia mashimo ya bodi za magari, Verlin. Puti inafanya nini kwenye shabaha yangu?”

“Labda... labda kwenye kopo la rangi—”

“Nitakuchapa.”

Alichomoa bisibisi mfuko wa nyuma, akaitia ncha kwenye doa la katikati. Ilizama. Ilizama kama kwenye keki, na puti ikatoka kipande kizima na ngozi yake ya rangi nyeupe, na nyuma yake palikuwa na shimo la kuingia ncha ya kidole chake kidogo, lenye kingo zilizoinuka pande zote kama mdomo wa kikombe. Akalichokonoa doa la pili. Shimo. Akaenda bamba la pili, la tatu. Yote sita yalikuwa yametobolewa uso, yakajazwa, yakapigwa msasa kwa ustadi, yakapuliziwa rangi. Verlin aliwahi kufanya kazi kwa mnyoosha bodi za magari kwa mwaka mmoja. Ndiyo kazi pekee aliyofukuzwa huku watu wakisikitika.

Risasi ya ishirini na mbili ni laini. Ikigonga uso ulionyooka inapasuka na kutawanyika pembeni kama yai sakafuni. Ikiingia kwenye shimo, kingo za shimo zinaikusanya, zinaigeuza, na kuirudisha ilikotoka. Kila mtu Piney Ridge analijua hili. Verlin alilijua kabla hajajua kuendesha baiskeli.

“Bunduki gani?” aliuliza Nolene.

“Dada...”

“Ishirini na mbili haifanyi hivi. Ni bunduki gani?”

“Ya kuwindia kulungu,” alisema Verlin. “Tulikuwa mimi na jamaa wa kiwandani. Tulitaka kurekebisha darubini ya bunduki tu. Halafu mmoja akasema hawezi kukosa hata akipiga bila darubini, na mwingine akasema... unajua wanavyokuwa. Bia mbili tatu.”

“Kutoka wapi?”

“Hapo mstarini.”

“Bunduki ya kulungu. Kutoka mstari wa watoto. Kwenye bamba la robo inchi.”

“Nilikuwa nikwambie! Haki ya Mungu nilikuwa nikwambie, nikaona ulivyoteseka na vile vitu baridi nzima, nikasema utanirarua. Nikasema ngoja nizirekebishe. Nimekesha nazo, Nolene. Si unaona nilivyozipiga msasa? Huwezi kuona hata kidogo.”

“Ndiyo. Huwezi kuona.”

Alizunguka nyuma ya bamba akapitisha kiganja. Alijua atakachokuta, kwa sababu Verlin alikuwa tayari amefungua mdomo.

“Tuzigeuze basi! Upande wa pili haujaguswa. Saa moja tu, mimi na wewe, bolti kwa bolti—”

“Lete mkono wako.” Alimshika kiganja akakibandika nyuma ya chuma. Kila shimo la mbele lilikuwa limesukuma nundu nyuma, na kwenye mabamba mawili nundu zilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. “Ugeuze hivi umpe mtoto wa nani?”

Verlin aliinamisha kichwa, na kwa dakika moja alikuwa yule mvulana aliyevunja kioo cha trekta la baba yao, na Nolene, Mungu amsamehe, akaanza kulainika. Mpumbavu huyu, aliwaza. Mwoga. Aliharibu, akaona haya, akaficha, akajidanganya kwamba puti inatosha. Ujinga. Ujinga mtu anaweza kuishi nao, ndugu wote wa dunia hii wana mmoja wao wa namna hii. Tutaweka shabaha za karatasi kesho, atawaomba watu radhi, yataisha.

Pikapu ya Odell Sisk iliingia getini ikipiga honi. Nyuma ilikuwa na makarai mawili, mtungi wa gesi na masanduku ya barafu yenye kambare. Odell, mwenzake Verlin wa kiwandani, alikuwa mtu mnene, mwema, asiyejua kunong’ona. Aliteremka akawaona wanarudi kutoka kwenye tuta.

“Kamanda!” alipaza sauti. “Mkono unaendeleaje? Umeshakitoa kile kipande au unataka uzikwe nacho?”

Verlin alimtikisia kichwa. Odell hakuona, alikuwa anafungua mlango wa nyuma wa gari.

“Bi Nolene, ungekuwepo! Alipiga kelele kama mbuzi. Sisi tumeshamaliza na bunduki ya kulungu, yeye anasema ngoja niwaonyeshe zinavyolia kwa ishirini na mbili. Risasi ya kwanza tu, paa! Chuma kikamrudishia hapa.” Alijipiga kofi juu ya kiwiko. “Tulicheka mpaka mwenzetu Junior akakaa chini. Nikamwambia, Verlin, hizo sasa ni vyuma chakavu, mwambie dada yako akutengenezee...”

Alimtazama Nolene, akamtazama Verlin, akamwona mtoto kwenye benchi na kitambaa chenye damu.

“Nimesema nini?” aliuliza.

Nolene alikuwa anamtazama kaka yake mkononi. Bandeji ilikuwa imetoka, limebaki kovu jekundu lenye magamba. Bandeji hiyo aliifunga yeye. Verlin alikuja jikoni kwake wiki mbili zilizopita akasema ameraruliwa na waya wa miiba kwenye ua wa ng’ombe. Nolene alimkalisha, akamsafisha, akamgombeza kwa kutovaa glavu. Halafu, kwa sababu waya una kutu, akaacha chakula mezani na kumpeleka zahanati kuchomwa sindano ya pepopunda, akamngojea na kikombe cha kahawa, na njia nzima ya kurudi Verlin alimshukuru. Wewe ni zaidi ya mama, alimwambia.

“Waya wa miiba,” alisema Nolene.

“Dada, nisikilize.”

“Ulijua linarudisha. Sio kwamba ulidhani. Lilikupiga mkononi. Ukaja ukakaa kwenye kiti changu nikakuosha.”

“Ndiyo maana nikatia puti! Kwa sababu nilijua! Nilitaka pasiwe na hatari.”

“Na baada ya puti ulifyatua?”

Verlin aliteremsha mkono wa shati juu ya kovu.

“Verlin. Baada ya puti, kuna mtu yeyote aliyefyatua kabla ya mwanangu?”

Odell aligeuka akaanza kupanga makarai ambayo hayakuhitaji kupangwa. Maribeth alikuwa ameteremsha kitambaa. Alimtazama mjomba wake kwa macho makubwa, na shavuni mkato ulikuwa umefanya mdomo mdogo mwekundu.

“Ulisema mimi ndiye wa kuzindua,” alisema mtoto. “Ulisema ni heshima.”

Nolene hakupiga kelele. Alikwenda mezani, akatia risasi moja kwenye bunduki, akaiweka tena imeelekea kwenye tuta.

“Odell, mchukue Maribeth nyuma ya gari lako. Nyuma kabisa, inameni.”

“Bi Nolene—”

“Nyuma ya gari, Odell.”

Walipokwisha kwenda aliichukua miwani yenye nyota akamnyooshea kaka yake. “Aliyetundika hufyatua kwanza. Vaa.”

“Mambo gani haya sasa?”

“Umesema umeziziba. Umesema huwezi kuona. Piga lile la mwisho kulia. Mara moja. Nitasimama hapa hapa na wewe.” Akavaa miwani yake mwenyewe, akasimama begani kwake.

Verlin alivaa. Nyota ilikaa mbele ya jicho lake la kulia, la kulengea, na Nolene alimwona akiiona. Aliinua bunduki. Alikuwa mlengaji mzuri, tangu utoto alikuwa mzuri kumshinda yeye. Shavu likalala kwenye kitako, pumzi ikatulia. Kule mbele bamba lilibembea kidogo kwa upepo, na mashimo yaliyochokonolewa yalionekana hata kutoka pale.

“Ngoja nirudi nyuma kidogo,” alisema.

“Maribeth alipigia hapa.”

Alilenga tena. Kidole kikaenda kwenye kifyatulio kikakaa hapo. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Kisha uso wake ukageuka wenyewe, pembeni, kama mtu anayekwepa kofi, na mtutu ukashuka.

“Siwezi, dada.”

“Mimi nilikuwa nataka uweze,” alisema Nolene. “Ningekusamehe ungepiga. Ningejua hukufikiri. Kumbe ulifikiri. Ulifikiri ukaona wewe usisimame hapa, asimame yeye.”

Alimpokonya bunduki, akatoa risasi, akaitia mfukoni.

Alijijua. Kesho asubuhi Verlin angekuja na maandazi ya unga wa mahindi na macho mekundu, angesema mbili zina ufa lakini nne zinafaa, angesema watoto wamezisubiri, zinalia vizuri, watazipiga kwa mbali zaidi. Na yeye Nolene angesimama jikoni na kikombe mkononi akianza kukokotoa ni umbali gani. Miaka thelathini amekuwa akimkokotolea kaka yake umbali. Safari hii mwisho wa hesabu kulikuwa na jicho la mtoto.

Alikwenda kwenye gari lake, akatoa koleo la kubania, funguo za nati na grenda ya betri ya kukatia chuma. Akarudi mpaka kwenye kiunzi, akafungua bolti za bamba la mwisho kulia, akalibana kwa koleo kwenye bomba la kiunzi.

“Nolene! Unafanya nini?” Verlin alikuja mbio. “Hiyo ni kazi ya baridi nzima! Kazi yetu! Watoto watapiga nini kesho?”

“Karatasi.”

“Watu watauliza.”

“Nitawajibu. Kila mzazi, akishuka tu kwenye gari. Leta filimbi.”

“Dada, usinifanyie hivyo mbele ya watu wote. Nakuomba. Mimi ni kaka yako.”

“Filimbi, Verlin.”

Alinyoosha mkono bila kumtazama, akauacha hewani mpaka alipohisi kamba, bado ina joto la shingo yake. Akaivaa. Akamwambia asogee nyuma, kwa sababu cheche haziangalii udugu, akashusha miwani, akabonyeza swichi.

Diski iliuma katikati ya duara, pale pale kwenye shimo lenye puti, na cheche zikaruka zikamwagikia nyasi. Chuma kilikuwa kigumu kama alivyokitaka. Mikono ilimuuma kabla hajafika nusu, akabadili mshiko akaendelea kusukuma, mpaka kikakatika na nusu moja ikaanguka miguuni kwake bila kulia. Akaipiga teke pembeni, akafungua nusu iliyobaki, akachukua funguo za nati akaenda kufungua bamba la pili.